Kaka wa Simu na Farasi wa Sikio Moja

Siku ya kwanza ya likizo niliwaamsha watu wa nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kwa kugonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko. Sikuwa na nia mbaya. Shuleni kwetu, ambako tunalala bwenini, mimi ndiye mpiga kengele. Cheo hicho nilipewa na mwalimu wa zamu baada ya kunikamata nikichelewa mara kumi na tisa katika muhula mmoja. Alitafakari, akaona kwamba mwanafunzi pekee asiyeweza kuchelewa kengele ni yule anayeipiga. Tangu siku hiyo wenzangu wananiita Kengele, na dakika ndizo zimekuwa chakula changu.

Mama alitoka chumbani akiwa na tepu ya kupimia shingoni. Mama ni fundi cherehani, na nadhani tepu ile huwa hailali bila yeye, wala yeye halali bila tepu.

"We Kengele! Hapa ni nyumbani, si bwenini. Ukigonga tena huo mfuniko nitakushona mdomo, na uzi ninao."

"Samahani, mama. Ni saa ya kuamka, kunawa na kukaguliwa."

"Nani anakaguliwa?"

Nilirudisha mfuniko jikoni kwa heshima zote. Huko nilimkuta mdogo wangu amekwisha kuamka, ameketi mezani na kipande cha mkate. Ana miaka minne, na tunamwita Kidoti kwa sababu ya doa dogo jeusi lililokaa juu ya pua yake kama nukta iliyopoteza sentensi yake. Aliponiona alishuka kitini, akanyoosha mkono kwa adabu.

"Shikamoo, mgeni."

"Marahaba. Lakini mimi si mgeni. Mimi ni kaka yako."

Kidoti alinitazama kama karani anavyotazama fomu iliyojazwa vibaya. "Kaka yangu yuko kwenye simu," alisema, akarudi kwenye mkate wake.

Sikumlaumu. Likizo mbili zilizopita sikurudi nyumbani. Nilipelekwa kwa mjomba kupata masomo ya ziada ya hesabu, kwa sababu ambazo mwalimu wa hesabu anazieleza vizuri zaidi yangu. Kwa hiyo kwa karibu mwaka mzima Kidoti alinijua kwa sauti tu. Kila Jumapili tulipanga foleni mbele ya ofisi ya mlezi wa bweni, kila mwanafunzi akapewa dakika tatu za simu. Mimi nilizitumia zote tatu kumsimulia Kidoti habari za paka wa bwenini, mnene kama mto wa kulalia, ambaye alikuwa na tabia ya kulala ndani ya kiatu cha mwalimu wa zamu. Kila mara aliuliza kwanza, "Haloo! Paka ameamka?" Na kila mara, kabla sijafika mwisho wa kisa, ilinibidi niseme, "Dakika zangu zimekwisha."

Sasa nilikuwa nimekuja mwenyewe, na miguu yangu miwili na sanduku, nikaitwa mgeni. Nilikuwa na siku sita kabla ya kurudi shuleni. Niliapa, mkono mmoja juu ya mtungi wa maji, kwamba kabla ya siku hizo kwisha Kidoti ataniita kaka kwa hiari yake.

Bahati ilinijia siku ya tatu. Mama alikuwa amepata kazi ya kuwashonea sare wafanyakazi wote wa Bustani ya Michezo, ile yenye gurudumu kubwa linaloonekana hata kutoka kwenye paa letu. Siku ile alikuwa anakwenda kuwapima, na meneja alimpa tiketi mbili za bure.

"Utamchukua Kidoti," mama aliniambia njiani. "Sikiliza vizuri. Akitaka maji, mpe. Akitaka kwenda chooni, mpeleke kabla hajaanza kuruka ruka. Akitaka kukaa, kaeni. Saa kumi kamili tukutane langoni. Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Ukweli ni kwamba katika hotuba hiyo yote mimi nilisikia maneno mawili tu: kumi kamili.

Tulipopita langoni Kidoti alisimama ghafla, mdomo wazi. Muziki ulitoka kila upande. Vikombe vikubwa vilizunguka na watu ndani, mabata ya plastiki yalielea kwenye bwawa, na juu kabisa gurudumu lilibeba watu wadogo kama sisimizi. Kidoti alinishika kidole kimoja bila kujua. Kidole kimoja! Mchana ule ningepata mkono mzima.

Kwenye dirisha la tiketi walitupatia kadi moja yenye vyumba kumi na viwili. Kila mchezo mtoto anaocheza, kadi inapigwa muhuri. Atakayejaza vyumba vyote kabla ya saa kumi anapewa zawadi. Na zawadi ilikuwa imening'inizwa juu ya dirisha: tembo wa manyoya, rangi ya waridi, ukubwa wa kabati la nguo.

Nilimtazama yule tembo, naye akanitazama kwa macho yake ya vifungo. Niliona mambo yote kwa uwazi. Mtu akikuletea tembo kama huyo utamwita kaka hata kama yeye ni meza.

Basi nilikaa kwenye ukingo wa bustani ya maua, nikatoa daftari, nikaandika ratiba. Ilikuwa ratiba nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, na nimeona nyingi. Kila mchezo ulipewa dakika zake, pamoja na dakika za kutembea, dakika mbili za choo na dakika nne za kula. Kwa kuwa mtoto lazima afurahi, niliweka na hilo pia: saa nne na dakika ishirini na mbili, kufurahi. Kisha nikavaa filimbi yangu shingoni.

"Hiyo ya nini?" Kidoti aliuliza.

"Ya kukuambia muda umekwisha."

"Kama kwenye simu?"

"Kama kwenye simu," nilisema, na wala sikusikia nilichokuwa nimeulizwa. Nikapuliza filimbi. "Twende!"

Lazima nikiri kwamba mwanzo ulikuwa mtamu. Kwenye kigarimoshi Kidoti aliwapungia mkono watu wote, miti yote na pipa moja la taka. Kwenye mabata alicheka hadi akapaliwa. Kwenye vikombe tulizunguka mpaka mimi nikayaona maini yangu yanapita mbele ya macho, lakini yeye alipiga kelele, "Zaidi! Zaidi!" Mihuri mitatu kabla ya saa nne! Nilipuliza filimbi kama mwamuzi wa fainali.

Mchezo wa nne ulikuwa farasi wa kuzunguka. Walikuwa farasi wa mbao, kumi na sita, waliopakwa rangi za kung'aa, wakipanda na kushuka kwenye nguzo zao. Mashine yao iliendeshwa na mama mmoja wa makamo aliyevaa ovaroli lenye madoa ya grisi, bisibisi mfukoni na pamba ya kufutia mafuta begani. Kila mtu alimwita Fundi.

Kidoti aliwapita farasi wote wazuri, akaenda moja kwa moja kwa mmoja wa kijivu, rangi imebanduka, sikio moja limekatika.

"Huyu," alisema.

Nilimpandisha, nikamfunga mkanda, nikatazama saa. Mashine haikuondoka.

"Mama, tafadhali, tumekwisha kukaa," nilimwambia Fundi.

"Bado," alijibu. Alikuwa anapita kwa kila mtoto, anavuta mkanda, kisha anauliza, "Umeongea na farasi wako? Umemwambia nini?" Mtoto akijibu, ndipo anahamia kwa mwingine. "Mashine yangu haiondoki mpaka kila abiria awe ameongea na farasi wake. Anayeongea na farasi anakaa vizuri, anashika vizuri, haangalii kando."

Dakika sita zilipita! Katika ratiba yangu farasi walikuwa wamepewa dakika sita pamoja na kuzunguka kwao. Kidoti alikuwa ameinama, anamnong'oneza farasi upande ule usio na sikio.

"Huko hakusikii," nilimwambia. "Hana sikio."

"Ndiyo maana namwambia polepole," alijibu.

Hatimaye mashine ilizunguka, na farasi waliposimama nilimshusha haraka. "Tena!" alisema. "Nirudi kwa farasi!"

"Mchezo mmoja muhuri mmoja. Twende kwenye gurudumu."

"Tena, mgeni, tafadhali."

"Baadaye," nilisema. Nataka niseme kweli hapa, maana hadithi hii ni ya mafunzo: sikuwa na mpango wowote wa baadaye. Neno lile nililitoa kama mtu anavyotoa sarafu bandia.

Kutoka hapo tulikimbia. Gurudumu, tano. Nyumba ya vioo, sita, ambako tulikimbia hata ndani na mimi nikagongana paji kwa paji na mimi mwenyewe kwenye kioo. Magari ya kugongana, saba. Chakula kilipewa dakika nne kama ilivyopangwa. Kidoti alikuwa bado na nusu ya kitumbua chake mdomoni filimbi ilipolia.

Mchezo wa nane ulikuwa mteremko wa treni, na hapo tulikutana na ubao wa kimo. Ulikuwa umechorwa twiga, na penye kidevu cha twiga pamepigwa mstari mwekundu. Mtoto asiyefika kwenye mstari hapandi. Kidoti alipungukiwa upana wa vidole viwili.

"Mwakani, mrembo," alisema kijana wa mlangoni.

Mwakani! Tembo hakuwa wa mwakani. Nilimpeleka Kidoti nyuma ya kibanda cha vinywaji. Bwenini tunayo mbinu moja ya zamani: siku ya kupanga mistari ya gwaride, wafupi hujaza karatasi ndani ya viatu. Nilichana ukurasa wa ratiba ya asubuhi, kwa kuwa ulikwisha kutumika, pamoja na kurasa nyingine kadhaa, nikazikunja, nikazisokomeza ndani ya viatu vyake chini ya visigino. Kisha nikamfunga nywele kifundo juu ya kichwa.

Tulirudi baada ya zamu kubadilika. Binti aliyekuwa mlangoni alitazama mstari, akatazama kichwa, akapiga muhuri. Niliona nimefaulu mtihani wa taifa.

Treni ile ilishuka kwa kishindo. Kidoti hakupiga kelele. Aling'ang'ania mkono wangu kwa kucha zote kumi, na mkanda, ambao ulitengenezwa kwa mtoto mkubwa kidogo, ukamlegea mabegani. Nilimkumbatia kwa nguvu mpaka tulipofika chini. Moyo wangu ulikuwa unagonga vibaya, lakini nilijiambia kuwa ni furaha.

"Viatu vinauma," Kidoti alisema.

"Vumilia kidogo. Imebaki minne tu."

Sikutoa karatasi, kwa sababu ratiba haikuwa na dakika za kutoa karatasi. Tulipata wa tisa kwenye mashua. Ilikuwa saa nane na nusu, jua kali, na bado mitatu. Nilipuliza filimbi. Kidoti alikaa chini, katikati ya njia, watu wakimpita kulia na kushoto.

"Simama, Kidoti. Tumekaribia!"

"Sitaki."

"Tembo anatungoja!"

"Sitaki! Nataka kaka yangu!" Machozi yakaanza kumtiririka. "Namtaka kaka yangu!"

"Mimi hapa! Mimi ndiye kaka yako!"

"Si wewe! Yule wa simu!"

Watu walisimama. Mwanamke mmoja mwenye mwavuli alinikazia macho. Kabla sijajua niseme nini, mkono mzito ulitua begani kwangu. Ulikuwa wa mlinzi wa bustani, mtu mpana kama mlango.

"Kijana, huyu mtoto ni nani wako?"

"Mdogo wangu, mzee."

Mlinzi alichuchumaa mbele ya Kidoti. "Mwanangu, unamjua huyu?"

"Ndiyo," Kidoti alisema kwa kwikwi.

Nikashusha pumzi.

"Ni mgeni."

Nimekwisha kupewa adhabu nyingi katika maisha yangu, zingine hata za makosa niliyoyafanya. Lakini sijawahi kusikia neno lililoniangusha kama lile. Mlinzi alinishika kola. "Twende ofisini."

"Mzee, naapa ni mdogo wangu! Mama yetu yuko humu ndani, anawapima sare!"

"Utamweleza meneja."

"Hebu ngoja kwanza," sauti ilisema. Alikuwa Fundi, amesimama kwenye ngazi ya mashine yake, anafuta mikono. Sikuwa nimeona kwamba Kidoti alikuwa amekaa chini hatua chache tu kutoka kwa farasi. "Ofisi haitakimbia. Mtoto analia kwa sababu anaumwa. Hamwoni anavyokunja miguu? Mlete kivulini."

Fundi alimketisha Kidoti kwenye benchi, akamvua kiatu cha kwanza. Karatasi zikadondoka. Akavua cha pili, zikadondoka nyingine. Visigino vya Kidoti vilikuwa vyekundu, na kimoja kimetoa lengelenge.

Nilitamani ardhi inimeze, tena bila kutafuna.

Mlinzi aliokota karatasi moja, akaikunjua, akaisoma kwa sauti yake nzito. "Saa nne na dakika ishirini, choo, dakika mbili. Saa nne na dakika ishirini na mbili, kufurahi, dakika moja." Alinitazama. "Wewe ni nani? Mkuu wa gereza?"

"Mpiga kengele," nilijibu kwa sauti ndogo.

"Karatasi ziliingiaje viatuni?" Fundi aliuliza.

Ningeweza kudanganya. Niliifungua hata midomo, na uongo ulikuwa tayari, umepigwa pasi. Lakini nilikitazama kile kisigino. "Niliziweka mimi. Alikuwa hafiki kwenye mstari wa twiga. Nilitaka tupate mihuri yote, tupate tembo, ili aniite kaka."

Fundi hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alichovya pamba safi kwenye maji, akaanza kumpooza Kidoti kisigino. "Na huyo kaka wa simu ni nani?" alimuuliza.

"Ana paka," alisema Kidoti.

Nilikuwa bado nimekishika kiatu kimoja. Kilikuwa kidogo, chekundu, kimebonyea kisigino. Sijui nini kilinijia. Nilipiga magoti upande wa pili wa benchi, nikakiweka kiatu sikioni, nikaipa benchi mgongo ili asinione uso.

"Haloo?" nilisema. "Haloo, hapo ni kwa nani? Naongea kutoka bwenini."

Kwikwi zilikatika. Kisha nilisikia kiatu cha pili kikiokotwa.

"Haloo," alisema Kidoti taratibu. "Paka ameamka?"

"Bado. Amelala kwenye kiatu cha mwalimu wa zamu. Leo mwalimu amekwenda darasani na kiatu kimoja."

"Na mguu mwingine?"

"Amevaa sahani."

Nilimsikia akicheka, ule mcheko wa kwenye simu, unaoanzia puani. Nilitaka kugeuka lakini niliogopa. Kisha vidole vidogo vikanishika sikio, vikanigeuza kichwa. Kidoti alinichungulia usoni kwa karibu sana, kiatu bado kiko shavuni kwake.

"Sema tena 'bwenini'."

"Bwenini."

Macho yake yalipanuka. "Ni wewe!" alipiga ukelele hadi watu wa kwenye foleni wakageuka. "Uko ndani ya mgeni!"

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Mlinzi aliniachia kola, akainyoosha kwa mkono wake kama mtu anayetandika kitanda. "Sawa," alisema. "Kesi imefungwa. Lakini na mimi nina macho."

Kidoti alitulia ghafla. "Dakika zako zimekwisha?"

Nilitazama saa yangu. Saa nane na dakika arobaini na tano. Mihuri mitatu, michezo mitatu karibu karibu, foleni fupi. Kama ningembeba mgongoni na kukimbia, ingewezekana. Nilikwisha kuipigia hesabu, kwa mara ya kwanza bila kukosea. Kule dirishani tembo alining'inia, anang'aa.

Nilivua saa, nikaitia ndani ya kiatu. Filimbi nayo nikaitia ndani ya kiatu. "Leo ninazo nyingi," nilisema. "Unataka tufanye nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Farasi!"

Tulipanda farasi mara saba. Nasema mara saba! Mara ya kwanza nilikaa kwenye farasi wa jirani, na Fundi akanijia usoni. "Umeongea na farasi wako?" Nikamwambia ndiyo, nimemwomba radhi kwa niaba ya ukoo mzima. Mara ya pili Kidoti alimsimulia farasi wake kisa chote cha paka, akamweleza na mahali pa kucheka. Mara ya tatu tuliimba. Mara ya nne alitaka tubadilishane, na mimi nikaketi juu ya yule wa sikio moja, magoti yamegusa kidevu, naye akapiga makofi kama malkia. Upepo ulitupiga usoni, taa zikazunguka, gurudumu na vikombe na watu wakageuka mistari ya rangi, na kila tulipopita mbele ya Fundi, Kidoti alimpigia saluti kwa mguu mtupu.

Baada ya mara ya tano alilala. Alilala tu, kichwa pajani kwangu, kwenye benchi ya kivulini, kiatu mkononi. Nilikaa bila kujitikisa. Wiki moja kabla ningekufa kwa uchovu wa kukaa. Sasa nilimwona mzee wa puto anavyofunga fundo kwa meno, na Fundi anavyopaka grisi nguzo moja baada ya nyingine, akiwasalimu farasi kwa majina. Nilikuwa nimepita mahali pale asubuhi nzima, wala sikuwa nimekuwepo.

Kidoti alipoamka alikuta sisimizi wamebeba kipande cha biskuti. Tuliwafuata hadi mlangoni kwao, tukawatakia chakula chema, kisha tukarudi kwa farasi mara ya sita na ya saba.

Saa kumi kamili tulikuwa langoni. Kidoti alikuwa mgongoni kwangu, miguu mitupu inaning'inia. Mama aliangalia miguu, akaangalia viatu, akaangalia uso wangu.

"Nini kimetokea?"

Nilimweleza yote. Ratiba, filimbi, lile neno "baadaye", twiga, karatasi, mkanda uliolegea. Hilo la mkanda lilinichukua muda, kwa sababu nilipolisema kwa sauti niliona jinsi lilivyokuwa kubwa. Kisha nikatoa kadi. "Mihuri tisa, mama. Lakini huu wa nane si wa haki. Tulipopita dirishani nimewaambia waufute."

Mama alizungusha tepu yake kidoleni.

"Kengele," alisema mwishowe, "mimi leo nimepima watu arobaini. Kama ningempima mmoja na kuwashonea wote, nani angevaa? Unapima mtu aliye mbele yako. Mguu wake, mkono wake. Yule mstari wa twiga haukuwekwa kwa mapambo. Mtu alikaa akapima, ili mkanda usimwachie mtoto. Wewe ukapima kwa karatasi. Sitaki kusikia jambo hilo tena maishani mwangu."

"Hutalisikia, mama."

"Na siku nzima nayo ulipima kwa saa ya bwenini. Mtoto wa miaka minne ana miguu mifupi, tumbo dogo na macho makubwa. Ukitaka kufurahi naye, tembea kwa hatua zake. Anaposimama, simama uone anachokiona. Michezo miwili aliyoifurahia ni bora kuliko kumi na miwili aliyoburutwa." Kisha akalainisha sauti. "Kusema kweli yote bila kuficha, hapo umefanya vizuri. Sahani utaosha mpaka siku ya kurudi shuleni, lakini umefanya vizuri."

Wakati huo familia moja ilitoka langoni imembeba yule tembo wa waridi, watu watatu wakimsukuma apite mlangoni. Nilimgeukia Kidoti, roho ikiniuma kidogo. "Tazama. Yule ndiye ningekuletea."

Kidoti alificha uso shingoni kwangu. "Lile dude lisije kwetu," alinong'ona kwa hofu. "Kaka, kimbia!"

Sikukimbia. Nilitembea polepole hadi kituoni, kwa sababu nilikuwa nimeitwa kaka na nilitaka njia iwe ndefu.

Nilirudi shuleni. Jumapili ya kwanza nilipanga foleni mbele ya ofisi ya mlezi, nikapewa dakika zangu tatu.

"Haloo! Paka ameamka?" Kidoti aliuliza.

"Ameamka. Anakusalimu."

"Kaka, wewe uko kwenye simu au uko ndani ya mgeni?"

"Kote kuwili. Ni mimi yule yule."

Alifikiri. Nilimsikia akipumua, nami sikumharakisha, ingawa mlezi alikuwa ameinua vidole viwili, kisha kimoja.

"Basi likizo uje," alisema. "Lakini usikimbie. Farasi nimemwambia atungoje."